Bi Kamera na Nyaya za Harusi

Watu wengi wakiingia dukani kutafuta waya wa kompyuta hutaja urefu, au hutoa mfukoni kipande kilichoharibika na kusema, "Nipe kama huu." Bi Kamera aliupokea waya kama mama anayeletewa posa. Aliushika kwa vidole viwili, akausogeza kwenye mwanga wa mlangoni, akamwuliza mwenye duka: "Huu watoka wapi? Waenda wapi? Na njiani utapita wapi?"

Mwenye duka alikuwa Kyalo, mtu wa bara aliyekuja Mombasa kufanya kazi bandarini, akaishia kuuza na kutengeneza kompyuta karibu na Barabara ya Digo. "Mama," alimjibu siku moja, "huu ni waya tu. Si bwana harusi."

"Bwana harusi asipofaa, talaka ipo," Bi Kamera akasema. "Huu usipofaa, watu nitawaeleza nini?"

Hakuwa akitania. Upande wa pili wa ule waya zilikaa harusi za nusu ya Mji wa Kale.

Jina lake sitalitaja, na sidhani angependa. Kibokoni sote tulimwita kwa kazi yake. Alikuwa akipiga picha za video upande wa wanawake. Usiku wa kupamba, wanawake huyavua mabuibui mlangoni na kuingia na dhahabu zao, nywele zao na nguo ambazo mtaani hazionekani, na bibi harusi huketishwa juu atazamwe. Mlangoni huwekwa mtu wa kukusanya simu. Kamera inayoruhusiwa kupita ni moja, na kwa miaka mingi ilikuwa ya Bi Kamera. Wanawake walicheza mbele yake kana kwamba hayupo, kwa sababu walijua kwamba alichokipiga hakitaonwa na mwanamume yeyote, wala na mwanamke ambaye mwenye harusi hakumruhusu.

Ahadi hiyo ndiyo iliyomwingiza kwenye mambo ya mitambo. Hakuweza kupeleka kanda zake kwa vijana wa studio wazikate na kuziunga. Hakuweza kuzihifadhi kwenye mtandao, kwa sababu, alisema, huko hajui mlangoni kakaa nani. Kwanza alijaza kabati la kanda, kanda zikaanza kuota ukungu. Akazihamishia kwenye diski moja moja, diski zikawa nyingi akawa hajui ipi ina nani. Mwishowe ofisi moja ya mizigo ilipofunga, alinunua sava yao, kompyuta ya kuhifadhia mafaili, kasha jeusi kama friji ndogo, likapandishwa ngazi na wapagazi wanne waliokuwa wakimlaani kwa adabu. Alilikalisha chumba cha juu, baina ya kabati la nguo na dirisha. Lilivuma mchana kutwa kama cherehani ya jirani.

Mimi alinikuta ufukweni Mama Ngina nikiuza viazi karai. Niliacha shule darasa la saba, na tangu hapo sijakaa mahali nikazeeka napo. Nimekata tiketi za mabasi Mwembe Tayari, nimeuza vinyago karibu na Ngome ya Yesu, nimeosha vyombo Lamu na kusuka nywele Malindi. Kila kazi niliipenda mpaka nilipoielewa. Jioni ile watu walikuwa wengi, na yeye alisimama na sahani yake mkononi akinitazama usoni mpaka viazi vikapoa.

"Mamako alikuwa akipika kwenye sherehe?" akaniuliza.

"Ndiyo. Mwamjua?"

"Mtu wa Kaloleni, mpana, mwenye kucheka ovyo?"

Mama alifariki kabla sijaanza kukumbuka mambo. Nilichoachiwa ni kitambulisho chake, na kwenye kile kitambulisho amefunga mdomo na amekodoa macho kama mtu aliyeshtakiwa. Nililelewa na shangazi Kisauni, na shangazi hakuwa mtu wa kusimulia. Sikujua mamangu alicheka vipi.

"Basi mimi ninaye," Bi Kamera akasema. "Ninaye akicheza."

Sufuria ya mafuta nilimwachia mwenzangu wa mihogo, nikamfuata huyu mama asiyenijua mpaka Kibokoni, nikapanda ngazi zake, nikakalishwa chini ya lile kasha linalovuma. Nilidhani nitaonyeshwa. Akaniletea chai na mahamri.

"Mwanangu," akasema, "nimesema kabla ya kufikiri, unisamehe. Yumo kwenye harusi ya mtu. Mwenyewe yuko Maskati. Nitamwuliza."

Akamwuliza. Jibu likawa hapana.

Nilifanya kazi kwake kwa miaka, nikiondoka na kurudi, na watu waliniuliza nafuata nini kwa yule mama mwenye masharti. Nilikuwa nikifuata dakika chache zilizokuwa mle ndani ya kasha. Yeye alijua. Kila sikukuu alipompigia simu yule bibi harusi wa Maskati kumpa mkono wa Idi, alimaliza kwa kumwuliza, na mimi nikisimama hapo nikijifanya ninapanga vikombe. Ndoa ile ilikuwa imevunjika vibaya. "Asema haitaki hata yeye mwenyewe," Bi Kamera aliniambia. "Asema haitaki ionwe na mtu, na asiulizwe kwa nini."

"Lakini mimi simtaki yeye. Namtaka mpishi."

"Mpishi yumo ndani ya harusi yake."

"Mfunike bibi harusi! Kata kipande changu tu!"

"Ukimkata mmoja leo kwa sababu unampenda," akasema, "kesho utamkata mwingine kwa sababu umelipwa. Nipe hicho kikombe."

Nilimchukia kwa hilo. Mara nyingi nilipokuwa peke yangu chumbani, kasha likivuma, nilihesabu kwamba neno la siri lazima liwe jina la mmoja wa wanawe. Sikulijaribu. Si kwamba mimi ni mwema. Niliogopa kwamba nikimwona mama kwa namna ile, nitamwona amefunga mdomo tena.

Alikuwa na mambo ambayo hayakai pamoja. Aliyepiga watu picha maisha yake yote hakukubali kupigwa. Kwenye harusi ya binti yake mwenyewe hayumo hata mara moja, ila kivuli chake ukutani akiinua taa. Alikuwa mtu wa swala zake kwa wakati, na Jumamosi alifunga mlango akatazama mieleka ya Wazungu kwenye televisheni, akiwapigia kelele: "Mkabe! Mkabe, mwanaharamu, yuko nyuma yako!" Kisha akaniambia nisimwambie mtu. Alisengenya bei za samaki, maimamu, wakwe zake na serikali ya kaunti. Lakini ukimwuliza nani alivaa nini kwenye kupamba jana, ataziba mdomo kama aliyepigwa ganzi. Wanawake walimchokoza makusudi.

"Bi Kamera, ati yule bibi harusi alilia?"

"Mimi nilikuwa nikitazama taa."

"Ati mkufu ulikuwa wa kuazima?"

"Taa zangu zilikuwa na shida kweli jana."

Na alikuwa mkaidi, hasa kwa mambo ya mashine. Alijifunza kwa kujaribu na kwa kuwapigia simu watu, akikasirika wakimweleza polepole. Mengine alijifunza vizuri. Alijua kwamba hewa yetu ya chumvi hula vichwa vya nyaya, kwa hiyo kila baada ya muda alizima kasha na kuvipangusa kwa kitambaa kikavu. Alijua kwamba waya mrefu kupita haja huchosha taarifa njiani, na mfupi kupita haja hukaza, ukang'oka siku mtu anapolisukuma kasha kwa kufagia. Alipima safari ya waya kwa uzi wa kushonea: kutoka kwenye kadi inayoziongoza diski, nyuma ya feni, chini mpaka kwenye diski, na nafasi ya kupumua. Uzi ule ndio aliokwenda nao dukani. Kyalo alipouona mara ya kwanza alidhani amekuja kushona.

Mengine hakuyajua na hakutaka kuambiwa. Nyaya zake zote alizifunga pamoja kwa kamba, zikakaza kama nywele za mtoto zilizosukwa na shangazi mwenye hasira. Na kwa sababu alitaka nafasi ya mswala, alilisukuma kasha mpaka ukutani, na waya uliotokeza nje kwa nyuma ukakunjika pembe kali, ukakaa hivyo mwaka mzima.

Hapo ndipo yalipotokea yale ambayo mpaka leo sijayasahau.

Asubuhi moja aliniita kwa sauti ambayo sikuizoea. Kioo cha mashine kilionyesha kwamba diski nne hazipo. Si moja, zote nne za safu ya chini, kwa mpigo. Diski zake zilikuwa zimepangwa hivi kwamba moja ikifa, zilizobaki zinashika kilichokuwamo. Nne zikiondoka pamoja, hakuna kinachoshika. Harusi zote za zamani, zile zilizotoka kwenye kanda ambazo kanda zenyewe zilishaoza, zilikuwa humo.

"Na mamangu?" nikauliza. Ndilo neno la kwanza lililonitoka, na sikuona haya.

"Naye."

Alikaa kitandani akaitazama mikono yake. Kisha akavaa buibui akaenda mwenyewe kwa Kyalo. Mwanamume wa kwanza kuingia chumba kile tangu wale wapagazi akawa mtu wa Machakos mwenye begi la bisibisi, na aliingia kwa masharti. Mlango utakuwa wazi. Mimi nitaketi hapo. Na kioo cha mashine kitafunikwa.

"Kifunikwe kivipi?" Kyalo akauliza.

Bi Kamera alikuwa ameshakifunika. Leso nzima, mpya, imekunjwa mara mbili, imebanwa kwa pini pande zote. Huenda picha ikajitokeza yenyewe, alisema, mashine hazina haya.

Kyalo aliheshimu. Alilivuta kasha, akauona waya uliokunjika, akaguna. "Mama, waya haukunjwi kama leso." Akamweleza jambo ambalo nililipenda sana: kwamba diski moja ikipotea, ulaumu diski, nne zikipotea kwa pamoja, tafuta kitu zinachokitumia zote. Hizo nne zilitumia waya mmoja, wenye kichwa kipana upande mmoja kinachoingia kwenye kadi, na vichwa vidogo vinne upande wa pili, kila kimoja na diski yake. Waya umevunjika ndani, akasema. Diski huenda ni nzima.

Alikuwa na waya kama ule dukani. Akauleta, akauchomeka, akawasha. Diski zikaanza kuzunguka, taa ndogo za kijani zikawaka zote. Bi Kamera akasoma dua kwa sauti. Kyalo akanyweshwa kahawa, akalishwa kaimati mpaka akakataa, akaondoka akiwa amebeba nyingine kwenye karatasi.

Tukafungua leso. Kioo kilisema kile kile. Diski nne hazipo.

Kwa muda wa wiki nzima na zaidi hatukumwita. Bi Kamera aliamini kwamba mtu aliyejua kazi ameshakuja, ameshafanya, na taa zimewaka. Basi kilichokufa ni diski zenyewe. Hakumwambia yeyote mtaani. Wanawake walimsimamisha njiani kumwuliza habari za harusi za binti zao, naye aliitikia, akacheka panapochekwa, kisha akifika nyumbani akawa hapandi chumba cha juu. Mieleka hakuitazama. Mimi ndiye niliyepanda. Niliketi nikisikiliza zile diski zikizunguka, na nikawa najiuliza kitu kinachozunguka hivyo kimekufaje.

Mwishowe nilikwenda dukani mwenyewe, bila kumwambia. "Kaka," nikamwambia Kyalo, "taa zawaka, lakini mashine haizioni."

Akajishika kichwa. "Dada, kwani nyinyi hamkuangalia kioo siku ile?"

"Tulikiangalia ulipoondoka."

"Na mimi niliangalia saa ngapi? Mlikivisha nguo!" Akacheka, akaacha kucheka alipoona uso wangu. "Sasa sikiliza. Hizi nyaya ziko za aina mbili, zinafanana kama mapacha. Moja inatoka kwenye kadi kwenda kwenye diski. Ingine inatoka kwenye bodi kuu ya mashine kwenda kwenye kreti ya diski. Imefanywa ya kuenda kinyume. Vichwa ni vile vile. Ukikosea, hakuna moshi, hakuna kelele. Diski zinapata umeme wao, zinazunguka, taa zinawaka. Lakini hakuna habari inapita. Mimi niliweka ya kinyume. Ningeona kioo, ningejua hapo hapo."

Tulirudi pamoja. Bi Kamera alisikiliza mpaka mwisho akiwa amesimama mlangoni, na nilidhani atamfukuza. Kyalo akamwambia anaweza kuiwasha mashine kwa namna ambayo itaonyesha maandishi tu, herufi na tarakimu, bila picha hata moja, na kwamba Bi Kamera mwenyewe atakaa na kutazama kwanza ahakikishe, ndipo amwite yeye.

"Maandishi tu?"

"Maandishi tu, Mama. Hata sura ya paka hutaona."

"Na mimi nikikwambia toka, watoka."

"Natoka nikikimbia."

Ule waya sahihi haukuwapo Mombasa. Uliagizwa Nairobi, ukaja kwa basi, nikaenda kuupokea Mwembe Tayari, mahali nilipokuwa nikikata tiketi, na wapiga debe walionijua wakanipigia kelele, "Umerudi? Wasafiri wapi leo?" Nikawaambia leo ninapokea. Nilirudi kwa miguu nikiwa nimeukumbatia, nikiogopa kuukunja. Kyalo akauchomeka. Akaiwasha. Kwenye kioo cheusi maandishi meupe yakapanda, na mstari mmoja mmoja, diski zikatajwa: ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne.

"Haya, tokeni," Bi Kamera akasema. "Wote wawili."

Tulisimama kwenye ngazi, mtu wa Machakos na mimi, kama wanaosubiri habari za mzazi aliye na uchungu. Alipofungua mlango macho yalikuwa mekundu. "Wote wamo," akasema.

"Na mama?"

"Yumo."

"Nimwone, Bi. Leo tu."

Alinishika shavu. Mkono wake ulikuwa na vumbi la kasha. "Si wangu wa kukupa," akasema.

Tangu siku hiyo ndipo alipoanza yale maswali yake matatu dukani, unatoka wapi, unaenda wapi, utapita wapi, na kila kichwa cha waya kilichoingia nyumbani kwake kilifungwa kitambaa cha rangi: chekundu upande wa kadi, cheupe upande wa diski. Kasha lilivutwa mbele likakaa mbali na ukuta, mswala ukahamia sebuleni. Waya wa akiba, wa aina ile ile, ulilala kwenye droo ya dhahabu zake. Na Kyalo alipitishwa mpaka chumbani, ila kila alipoingia alianza kwa kuuliza, "Mama, kioo kimevaa?" naye akajibu, "Leo kiko uchi, ingia na adabu yako."

Niliondoka mara kadha wa kadha. Miguu huniwasha, sijui kuieleza vizuri zaidi. Kulikuwa na kazi Kilifi kwenye shamba la korosho, kulikuwa na mwanamume Tanga, kulikuwa na mashua za watalii Watamu ambazo nilitaka kujua injini zake zinafunguliwaje. Hakuniuliza nakwenda wapi, yeye aliyeuliza nyaya. Na nikirudi, hata kama ilikuwa miezi mingi, aliinua macho kutoka kwenye kazi yake akasema, "Umekula?" kama niliyetoka kununua chumvi. Sijawahi kuwa na nyumba nyingine ambako niliulizwa hivyo. Nikiwa mbali, nilikuwa nikiyakumbuka mambo ya kijinga: mvumo wa lile kasha, mlio wa bangili zake alipokuwa akivuta uzi kupima njia ya waya, sauti yake akimkemea mpiganaji wa mieleka asiyemsikia. Mama nilimtamani kama mtu anavyotamani mahali asipopajua. Bi Kamera nilimtamani kama mtu anavyotamani mahali alipoishi. Hizo ni njaa mbili, na nilikuwa nazo zote mbili kwa wakati mmoja, katika miji ambayo haikunijua.

Mara ya mwisho nilikuwa Kilifi aliponipigia simu. Nyonga ilikuwa imemharibikia, ngazi za Kibokoni hazipandiki tena, na binti yake alikuwa amemhamishia kwake Tudor, ghorofa ya chini. Kasha lilikuja naye. Harusi za siku hizi zina wasichana wengine wenye kamera ndogo na mikono imara; yeye alikuwa akiwarudishia watu zilizo zao, kila mwanamke akija na diski yake, akipewa chake, na kwenye kasha kikifutwa. Nilijua hayo. Nilikuwa nimeshakuja kumsaidia mara mbili.

"Njoo Alhamisi," akasema. "Mchana, mwanangu akiwa kazini."

Nilimkuta mezani. Alikuwa amepungua, na miwani ilikuwa kubwa kuliko uso. "Umekula?" akauliza. Nikasema nimekula, ingawa sikuwa nimekula.

"Yule wa Maskati ameniletea habari," akasema. "Aolewa tena, Mungu ampe kheri. Ataka ile ya kwanza ifutwe. Leo. Nimemwahidi kabla ya alasiri."

Akaendelea kabla sijauliza.

"Nilimwomba kwa ajili yako mara ya mwisho. Nilimwambia ni mtoto, hana picha ya mamake ila ya kitambulisho. Alilia, maskini. Lakini akasema hapana."

"Basi futa, Bi," nikamwambia. Sauti haikuwa yangu. "Kwani umeniita nishuhudie?"

"Keti." Alinionyesha kiti cha upande wa pili wa meza. Kioo kilimwelekea yeye. Mimi niliona mgongo wa kioo tu, plastiki nyeusi na waya mmoja ukining'inia. "Mimi sifuti kitu bila kuhakikisha ndicho. Hiyo ni kazi yangu, nimeifanya hivyo siku zote. Lazima nikitazame." Akavuta miwani. "Na siku hizi nimekuwa nasema peke yangu nikifanya kazi. Ni uzee. Mwanangu hunicheka."

Nilimtazama. Hakunitazama. Akabonyeza.

Sauti ndiyo iliyotangulia, ndogo, ya mbali: tarumbeta, makofi, wanawake wengi wakiimba kwa pamoja. Aliiacha hivyo.

"Huyu ni bibi harusi," akasema, "huyu namruka. Hawa ni shangazi zake, wananiziba kama kawaida yao. Sasa mlango wa jikoni wafunguka. Mama wa bibi harusi amvuta mtu mkono. Mtu hataki. Ana leso kiunoni, mkono mzima una unga. Ajishika mlangoni. Wamvuta watatu sasa. Haya, ameachia mlango."

Mikono yangu ilikuwa juu ya meza. Sikujua niiweke wapi.

"Amesimama katikati, hajui la kufanya. Aanza kwa mabega. Ah! Ajua huyu. Wote warudi nyuma wampishe."

"Aimba?" nikauliza.

"Nasema peke yangu." Kisha: "Aimba. Yuko nyuma ya wenzake kidogo, sauti nzito. Hiyo."

Niliisikiliza. Zilikuwa sauti nyingi, na nikajaribu kuitoa moja kama mtu anayechagua uzi kwenye kitambaa. Nilidhani nimeipata. Ikanipotea, nikadhani nimeipata tena. Kisha kukasikika kicheko, kikubwa, kimevunjika katikati, na hicho sikuhitaji kuulizia.

Meza ile haikuwa pana. Ningesimama, nikainama tu, ningemwona. Bi Kamera aliliona wazo hilo linanipitia, na hakutia mkono kunizuia. Alinipa nafasi ya kuvunja ahadi yake. Nilibaki nimeketi.

"Amechoka," akaendelea, polepole zaidi. "Apangusa uso kwa ile leso, ajipaka unga. Wamcheka. Yeye ajicheka. Sasa arudi jikoni... la. Ameiona kamera. Ndiyo kwanza aiona. Aona haya, ajifunika uso." Sauti yake ikashuka. "Autoa mkono. Anitazama."

Hapo nikaacha kuutazama ule mgongo wa kioo, nikamtazama Bi Kamera. Mwanga ulikuwa ukimchezea kwenye miwani na mashavuni, na kwenye uso ule mchovu likaja tabasamu pana, lenye aibu kidogo, la mtu aliyesalimiwa ghafla na anayemrudishia salamu aliyemsalimu. Nikalitazama tabasamu hilo, wala sikupepesa, mpaka mwanga ulipozimika usoni pake.